Kabla ya rangi, panda juu ya bati

Jumuiya zikijitolea kukarabati kanisa, wengi hukimbilia rangi kwa sababu inaonekana haraka. Anzeni na maji. Mwezi wa pili, kabla masika hayajaanza, mtu apande azoe majani kwenye mifereji ya bati, kisha akague misumari: ile ambayo mpira wake umepasuka ndiyo inayolowanisha dari pale juu ya kwaya. Ing'oeni muweke mipya. Kupaka lami juu yake ni kuahirisha kazi tu. Chini, ondoeni udongo uliorundikana ukutani, maana huo ndio unaopandisha unyevu na kubandua rangi. Plasta mpya iacheni wiki 4 ndipo mpake. Na ngazi ishikwe na mtu, isiegemezwe kwenye mfereji.