Kabla ya Kupokea Taimshea ya Shangazi

Shangazi aliyeko Dallas au mjomba wa Minneapolis akishazeeka, na safari za Orlando, Florida, zikaanza kumchosha, hutafuta mtu wa kumwachia taimshea yake. Simu huja na maneno matamu: mwanangu, mimi sisafiri tena, nataka ibaki kwenye familia. Kabla hujasema ahsante, elewa unachopewa. Taimshea ni haki ya kukaa kwenye hoteli ya mapumziko kwa wiki moja, au kwa pointi kadhaa unazobadilisha kwa siku za kukaa, kila mwaka au mara moja kila miaka miwili. Na kila mwaka, uende usiende, kuna ada ya matengenezo. Bei ya kununulia alishailipa shangazi zamani. Kinachohamia kwako ni ada.

Kwa hiyo, akikutumia picha za bwawa la kuogelea, shukuru, halafu omba ankara za ada za miaka mitano iliyopita. Marekani wastani wake umeshapita dola 1,000 kwa mwaka, na mwendo wake ni wa kupanda. Hesabu ni nyepesi. Tuseme ada ni dola 1,260: gawa kwa usiku saba, unapata dola 180 kwa usiku, kabla ya nauli na chakula. Sasa tafuta bei ya kukodi chumba kilekile, wiki ileile, kutoka kwa wamiliki wengine. Wapo wengi wanaokodisha wiki zao kwa bei iliyo chini ya ada, ilimradi wasipoteze yote. Ukikuta kukodi ni rahisi kuliko kumiliki, zawadi hiyo ni hasara, hata kama imetolewa kwa moyo safi.

Juu ya ada kuna mchango maalumu, ambao huja bila hodi. Paa limechakaa, lifti imekufa, kimbunga kimepita na bima haikutosha: wamiliki wote wanagawiwa deni. Kimbunga Ian kilipopiga kusini magharibi mwa Florida Septemba 2022, Sanibel na Fort Myers Beach ziliharibiwa vibaya, na hoteli nyingi za ufukweni maeneo hayo zina wamiliki wa aina hii. Omba bajeti ya chama cha wamiliki, uangalie mfuko wa akiba una kiasi gani ukilinganisha na umri wa jengo. Jengo la miaka arobaini lenye akiba kiduchu litakutafuta tu.

Halafu soma hati yenyewe. Nyingine ni umiliki wa milele, ulioandikishwa kaunti kama kiwanja, na ukifa unawaangukia wanao. Nyingine zina tarehe ya mwisho: mikataba ya Disney ya hoteli za BoardWalk na Beach Club, kwa mfano, inaisha Januari 31, 2042. Mimi naona yenye mwisho ni afadhali, maana unajua adha itakoma lini. Angalia pia ni wiki gani. Wiki ya 52, ya Krismasi na mwaka mpya, hugombaniwa; wiki ya 37 iko katikati ya Septemba, watoto wako shuleni na ni msimu wa vimbunga. Kama ni pointi, uliza kwa maandishi marupurupu gani yanabaki umiliki ukihamia kwa ndugu, kwa sababu baadhi ya kampuni huyakata.

Deni la nyuma nalo lina meno. Sheria ya Florida inamfanya anayepokea taimshea awajibike pamoja na aliyempa kwa ada zote ambazo hazijalipwa. Basi usitosheke na neno la shangazi kwamba amelipa kila kitu, hata kama hajawahi kusema uongo maishani. Pata barua ya hoteli inayoonyesha salio. Na kama bado kuna mkopo wa kununulia, ambao riba yake kwa kawaida ni kali, usiweke sahihi popote mpaka uishe.

Wengi hujifariji kwamba wakishindwa watauza. Ingia eBay uone taimshea zinazotangazwa kwa dola 1, na nyingine hata hiyo dola haijitokezi. Kwa hiyo swali la nani achukue lingoje kwanza. La kuanza nalo ni hili: je, shangazi mwenyewe anaweza kuirudisha sasa hivi, akiwa hai na akili timamu? Kampuni kadhaa kubwa, Wyndham ikiwemo, zina utaratibu wa kupokea taimshea ambayo mkopo wake umekwisha na ada haina deni. Haitangazwi kwa mbwembwe. Inabidi upige simu, uulize, usubiri, upige tena. Ikikubaliwa, mzigo unaishia kwa aliyeununua na haukupitii wewe kabisa. Hapa ndipo pa kumkatalia mzee bila kumvunjia heshima: "Shikamoo shangazi. Nashukuru sana kwa kunifikiria. Naomba tuipigie kampuni pamoja Jumamosi, tusikie wanasemaje." Kijana mwenye subira ya kungoja kwenye laini saa nzima anamfaa kuliko mrithi.

Usimwache apige simu hizo peke yake, kwa sababu matapeli wamejaa. Wapo wanaodai ada kubwa mapema ili wakutoe kwenye mkataba, kisha wanatoweka. Wapo wanaopiga wakisema wamepata mnunuzi Mexico, bado kodi kidogo tu uitume. Julai 2024 Wizara ya Fedha ya Marekani na FBI walitoa tahadhari kwamba genge la dawa za kulevya la Jalisco linaendesha utapeli wa aina hiyo dhidi ya Wamarekani wenye taimshea Mexico. Na kumbuka rekodi za kaunti ni za wazi: jina lako likiingia mle, zamu yako ya kupigiwa imefika.

Kama mzee ameshafariki, hulazimiki kurithi. Sheria ya kodi ya Marekani inatoa miezi tisa tangu kifo kukataa urithi kwa maandishi, ila uwe hujauonja: ukienda likizo hata mara moja, au ukaikodisha ukala pesa, umekubali. Kila jimbo lina utaratibu wake, kwa hiyo pata wakili wa mirathi mapema. Kuna mtego hapa. Ulichokataa humwendea anayefuata kwenye mstari, ambaye huenda ni mwanao mwenyewe, kwa hiyo ndugu wote wakae chini kabla wa kwanza hajaandika. Aliyefia Texas akiacha hati ya Florida, huenda mirathi ikafunguliwa majimbo yote mawili. Na binamu aliye Tanga bila viza ya Marekani, atalala lini Kissimmee, kule jirani na Orlando?

Kagua pia rekodi za kaunti ya Orange au Osceola, ziliko Orlando na Kissimmee; zinapatikana mtandaoni. Wazee wengine waliandika majina ya watoto kwenye hati siku ileile ya kununua, kwa nia njema, bila kuwaambia. Kama jina lako limo, hilo fungu ni lako tayari, na kukataa urithi hakulifuti.

Zipo taimshea za kupokelewa. Unaishi Atlanta, unafika Orlando kwa gari, wiki ni ya likizo ya shule, ada iko chini ya bei ya kukodi, akiba ya jengo imenona: chukua, na umshukuru. Ujue mapema gharama za kuhamisha ni za nani, maana mwandishi wa hati, kaunti na hoteli kila mmoja anataka chake. Hati ikishaandikishwa, dai nakala yenye mhuri wa kaunti pamoja na barua ya hoteli inayokutambua kama mmiliki. Kisha mwombe shangazi atazame taarifa ya kadi yake ya benki Januari inayofuata, aone kama bado wanamkata ada.