Kuhifadhi na Kurejesha Kumbukumbu za Redio Koli kwa Mstari wa Amri

Redio yangu ya mkononi, Baofeng UV-5R, ina nafasi za chaneli 128, kuanzia 0 hadi 127, na kufikia msimu wa kusi uliopita nilikuwa nimekwisha kujaza zaidi ya arobaini kwa vidole, nikiwa nimekaa barazani kwangu Chumbageni, Tanga. Jioni moja mpwa wangu aliichukua kuichezea, akafika kwenye menyu namba 40 iitwayo RESET, akachagua ALL na kuthibitisha. Redio ilizimika ikawaka tena, na nilipobonyeza kitufe ikanisemesha kwa Kichina. Chaneli zote zilikuwa zimefutika, nami sikuwa na nakala hata moja.

Kazi ya kuhifadhi nakala, ambayo ingeniepusha na hasara hiyo, huchukua dakika chache. Programu ninayoitumia ni CHIRP, ya kusoma na kuandika chaneli za redio kwa kompyuta, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Wengi huijua kwa dirisha lake lenye majedwali, lakini ndani yake imo pia amri ndogo iitwayo chirpc, inayofanya kazi kwenye terminali, yaani mahali pa kuandikia amri kwa maneno, bila dirisha hilo. Mimi naipenda hiyo kwa sababu kompyuta mpakato yangu ni ya zamani, na kwa sababu amri iliyoandikwa mara moja kwenye daftari hairudi ikakuuliza ulibofya wapi. Maelezo haya ni ya Linux. Ukiisakinisha CHIRP kwa pipx (kisakinishi cha programu za Python) kutoka kwenye faili lake la wheel, yaani kifurushi chake cha usakinishaji, chirpc huja pamoja nayo.

Kabla ya programu, itazame kebo ya USB inayounganisha redio na kompyuta, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Plagi yake ina pini mbili, na ni lazima izame hadi mwisho. Kwenye redio nyingi za aina hii ganda la plastiki huizuia kidogo, hivyo mtu hudhani imeingia kumbe imebaki nje milimita mbili. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, yaani hewa ya chumvi: kebo yangu iliyokaa miezi kadhaa karibu na dirisha ilianza kuota kutu ya kijani kwenye pini, na ilikataa kazi mpaka nilipozisugua kwa kitambaa chenye spiriti. Chomeka plagi redio ikiwa imezimwa, kisha iwashe, weka sauti katikati, na uiache kwenye chaneli isiyo na mazungumzo.

Upande wa kompyuta, tafuta jina ambalo kebo imepewa:

ls /dev/ttyUSB*

Kwa kawaida utaona /dev/ttyUSB0. Usipoona kitu kwenye Ubuntu 22.04 na kebo yako ina chipu ya CH340, huenda mhalifu ni brltty, programu ya maandishi ya wasioona, ambayo huidhania chipu hiyo kuwa kifaa chake na kuikamata. Kama huihitaji, iondoe, kisha uchomoe kebo na kuichomeka upya. Ukiliona jina lakini ukanyimwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi la dialout, yaani la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia vifaa vya aina hii, halafu utoke kwenye akaunti yako na kuingia tena:

sudo usermod -aG dialout $USER

Sasa soma kumbukumbu kutoka kwenye redio na kuziweka katika faili:

chirpc -r Baofeng_UV-5R -s /dev/ttyUSB0 --mmap uv5r-a.img --download-mmap

Neno linalofuata -r ni utambulisho wa aina ya redio, na ukiwa na nyingine utaupata kwa chirpc --list-radios. Wakati wa kusoma usiiguse kebo wala redio. Rudia amri hiyohiyo mara ya pili, ukibadilisha jina la faili tu liwe uv5r-b.img. Kusoma mara mbili si wasiwasi wa bure, kwa kuwa kebo inayolegalega inaweza kukuachia faili ambalo kwa jina ni nakala na kwa ndani ni takataka. Toa orodha ya chaneli kutoka katika kila faili, kisha uzilinganishe:

chirpc --mmap uv5r-a.img --list-mem > a.txt
chirpc --mmap uv5r-b.img --list-mem > b.txt
diff a.txt b.txt

Amri ya diff isipoandika chochote, orodha mbili zinafanana. Hata hivyo fungua a.txt uisome kwa macho. Mimi hutafuta chaneli ninazozijua kwa moyo: 145.500 ya kuitana, 145.800 ya kusikiliza kituo cha anga za juu cha kimataifa kinapopita, na 156.800, ambayo ni chaneli 16 ya vyombo vya baharini. Hiyo ya mwisho naisikiliza tu, na ndani ya CHIRP nimeizuia isirushe, kwa kuwa leseni ya redio ya ridhaa inayotolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hainipi ruhusa ya kusema huko.

Nakala ya kwanza kabisa, iliyosomwa kabla hujabadilisha lolote, ipe jina lake na usiiguse tena maishani. Zinazofuata zipe tarehe, kwa mfano kwa kuandika uv5r-$(date +%F).img mahali pa jina la faili. Kila moja ina ukubwa wa kilobaiti chache tu, kwa hiyo hakuna sababu ya kufuta ya zamani. Weka moja kwenye flashi na nyingine ujitumie kwa barua pepe.

Kurejesha ni amri ileile ikigeuzwa upande:

chirpc -r Baofeng_UV-5R -s /dev/ttyUSB0 --mmap uv5r-a.img --upload-mmap

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko pote, kwa sababu unaandika ndani ya redio. Hakikisha betri imejaa, na kama umeme wa mtaani kwenu unakatika ovyo, kompyuta nayo iwe na chaji yake. Usipakie nakala ya redio ya rafiki yako kwa kuwa tu magamba yanafanana: UV-5R mbili zinaweza kuwa na matoleo tofauti ya programu ya ndani, na CHIRP ikigundua tofauti hiyo husimamisha upakiaji. Ikikataa, usitafute njia ya kuizunguka. Soma kwanza redio unayotaka kuijaza, kisha nakili chaneli kutoka faili moja hadi jingine kwa kutumia dirisha la CHIRP. Na ujue kwamba faili la img hubeba chaneli na mipangilio pekee, hivyo redio yenye programu ya ndani iliyoharibika haitaponywa nalo.

Upakiaji ukiisha, zima redio, chomoa kebo, uiwashe na upite chaneli tatu nne kwa mkono. Kisha irudishe kwenye kebo, uisome upya katika faili uv5r-c.img, utoe orodha yake kwenye c.txt na kuilinganisha kwa diff na a.txt. Mstari wowote utakaojitokeza hapo unakuonyesha chaneli ya kukagua kabla hujaifunga kompyuta.