Kuyapoza maji ya nyuti katika joto la Tanga

Nyuti ni mnyama mdogo wa jamii ya salamanda: umbo lake ni la mjusi, lakini ngozi yake laini isiyo na magamba inamweka karibu zaidi na chura. Kwao ni kwenye vijito na madimbwi ya nchi za baridi, na kusini mwa Sahara hakuna salamanda hata mmoja wa asili. Nyuti wa China mwenye tumbo jekundu (Cynops orientalis), ambaye ndiye hufugwa sana, hustarehe katika maji ya nyuzi 18 hadi 22 za sentigredi, na yakipita 24 huanza kutaabika. Tangi lililowekwa sebuleni Ngamiani, chini ya bati, mwezi wa Februari wakati wa kaskazi, hufika nyuzi 29 pasipo mtu kuyapasha maji yake moto. Mfugaji wa Tanga kazi yake ni kuziondoa nyuzi hizo saba au zaidi, na kuziondoa kila siku.

Anza na kipimajoto, kwa kuwa mkono hudanganya. Pima alfajiri, alasiri na usiku kwa muda wa wiki moja kabla ya kumleta mnyama nyumbani, ukikumbuka kwamba maji huchelewa kupata joto na huchelewa kulitoa, hivyo kilele chake huweza kuja magharibi, watu wameshaanza kusema jua limepoa. Weka tangi sakafuni au karibu na sakafu, katika chumba kisichopigwa na jua la jioni, na uzime taa yake, kwa sababu taa na pampu iliyozama majini vyote huongeza joto.

Njia ya kwanza ya kupoza kila mtu wa pwani anaijua tangu utotoni, nayo ni ile ya mtungi. Maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, hugeuka mvuke juu ya ngozi ya mtungi, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hufanya kazi iyo hiyo. Ondoa kifuniko cha kioo na utandaze wavu uliobanwa vizuri pembeni, maana nyuti hupanda kioo kilicholowa na kutoroka, kisha elekeza feni kwa mshazari. Maji yatakayopungua yajazie kwa maji yaliyokwisha kuondolewa klorini.

Hata hivyo, feni ina mpaka wake, na wauzaji wengi hawautaji. Maji hayawezi kupozwa kwa mvuke chini ya kiwango kinachoruhusiwa na unyevu wa hewa: hewa ikiwa na nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 70, kiwango hicho ni karibu nyuzi 26, hata ukiweka feni tatu. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, feni inatosha kipupwe, mwezi wa Julai, hewa inapokuwa na nyuzi 25 hivi. Wakati wa kaskazi haitoshi.

Barafu husaidia, lakini ifanyie hesabu. Chupa ya lita moja na nusu iliyoganda, ikiachwa iyeyuke yote katika tangi la lita 60, hushusha joto kwa nyuzi mbili na nusu hivi, na chumba hulirudisha joto hilo muda si mrefu. Chupa iwe imefungwa na ielee yenyewe. Mimi niliwahi kumkuta nyuti wangu saa tisa usiku akielea juu ya maji, miguu imetanuka, anafungua na kufunga mdomo; kwa hofu nikamwaga vipande vya barafu ya maji ya bomba moja kwa moja tangini. Maji yalishuka ghafla, mnyama akajikunja pembeni, na alikaa siku nne bila kugusa chakula. Siku hizi sishushi zaidi ya nyuzi mbili kwa saa. Kuzungushia pande tatu za tangi vibao vya povu jeupe, kama lile la maboksi ya kubebea samaki, hufanya ubaridi udumu zaidi.

Kwa miezi ya Desemba hadi Machi, dawa ya kweli ni chumba chenye kiyoyozi, au mashine ya kupozea maji inayofanya kazi kama friji, ambayo maji huzungushwa ndani yake kwa pampu. Mashine hiyo hutoa joto kwa nyuma, kwa hiyo usiifungie kabatini pamoja na tangi, la sivyo itakuwa inapoza maji huku inapasha moto hewa inayoyazunguka. Asiyeweza gharama ya mashine na ya umeme wake, ni bora afuge samaki wa nchi za joto.

Weka chupa mbili zilizoganda tayari kwenye friza kwa ajili ya siku ya kukatika umeme; ukikatika, punguza chakula na uondoe mabaki mara moja, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo na amonia itokanayo na kinyesi na mabaki huwa na sumu kali zaidi ndani yake. Nyuti anayekataa kula, anayehema juu ya maji au anayeng'ang'ania kutoka nje huenda amezidiwa na joto. Mtazame yeye kwanza, kisha kipimajoto.