Deki ya DVD ya "1080p": kabla hujatoa hela, badilisha waya

Ukizunguka madukani Arusha, Barabara ya Sokoine au mitaa ya Soko Kuu, utaonyeshwa deki iliyoandikwa "1080p" kwenye boksi na kuambiwa inageuza DVD kuwa HD. Haigeuzi. DVD ya PAL, mfumo wa picha unaotumika huku kwetu, ina pikseli (vinukta vya picha) 720 kwa 576, basi. Kioo cha Full HD kina 1920 kwa 1080, mara tano kamili. Kwa hiyo katika kila pikseli tano unazotazama, nne zimekisiwa na mashine kwa kuangalia zilizo jirani. Na kazi hiyo ya kukisia, TV yako ya flati inaifanya tayari kwa kila unachokichomeka. Isingeifanya, picha ingekaa katikati ya kioo kama stempu.

Anza na waya. Wengi bado wanatumia ule wa pini tatu: njano, nyekundu na nyeupe. Pini ya njano inabeba picha nzima peke yake, mwanga na rangi vimechanganywa, halafu TV inahangaika kuvitenganisha. Ndiyo maana unaona vinukta vikitambaa pembeni mwa maandishi mekundu, na shati la mistari myembamba likitoa rangi za upinde wa mvua. Kama deki uliyo nayo ina tundu la HDMI, linalopeleka picha na sauti kwa waya mmoja, nunua waya wa mita moja na nusu, wa bei ya kawaida. Ule wa bei mbaya hauongezi kitu kwa umbali huo.

Kisha ingia Setup kwa rimoti ya deki. Umbo la TV liwe 16:9; ukiacha 4:3, watu watatokea wafupi na wanene. Upande wa HDMI weka 576p (mistari 576, kama DVD yenyewe), tazama kipande kimoja cha filamu ukiwa umekaa unapokaa siku zote, halafu rudia kipande hichohicho kwa 1080p. Angalia nywele, maandishi ya tafsiri, na nondo za geti kamera inapopita. Kingo zikitoa meno kama ya kitana, ujue deki imeshindwa kazi ya kuunganisha mistari ya picha, ambayo DVD huileta nusu kwa nusu. Acha namba inayotoa kingo safi. Usipoona tofauti, umeshaokoa hela ya deki mpya.

Kioo kikiwa cheusi baada ya kubadilisha, TV haipokei namba hiyo. Rudisha waya wa pini tatu kwa muda, shusha namba, kisha rudi HDMI. TV nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768 tu. Hapo deki inakuza hadi 1080, TV inapunguza tena hadi 768: picha inapikwa mara mbili bure. Tumia 576p au 720p. Na kwenye TV yenyewe shusha "Sharpness". Haileti undani, inachora ukingo mweupe kuzunguka vichwa vya watu.

VCD za filamu za Bongo ni 352 kwa 288, na zile diski zilizobanwa filamu ishirini zimeshapoteza undani kabla hazijafika kwako. Ukizikuza, unakuza viboksi. Picha inayoganda ni jambo jingine kabisa: mikwaruzo, au vumbi kwenye lenzi.

Deki mpya inafaa kama ya zamani haina HDMI. Ukiwa na hela kidogo zaidi, chukua ya Blu-ray: DVD inacheza, na diski zake zenyewe zina 1920 kwa 1080 halisi. Ikiwa ni mtumba kutoka Uingereza, kuwa makini. Dunia imegawanywa kanda, na deki inaweza kufungwa icheze diski za kanda yake tu. Kwa Blu-ray sisi na wao tuko kanda B, lakini kwa DVD wao ni kanda 2, sisi ni 5, na deki iliyofungwa itakataa diski ya huku. Nenda dukani na DVD yako mwenyewe, icheze mpaka katikati ya filamu, ndipo ulipe.