Rekodi ya Gitaa: Sogeza Maiki Kabla Hujagusa Ikwalaiza

Gitaa likirekodiwa likatoka na mvumo mzito, au likawa jembamba lisilo na mwili, wengi hukimbilia ikwalaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha besi na sauti kali. Mimi nasema rudi kwanza kwenye stendi. Maiki ikisogea sentimita 5 tu, sauti inabadilika kwa namna ambayo programu haiwezi kuiga.

Hatua ya 1: Tumia sikio. Mwombe mpigaji apige wimbo ule ule atakaorekodi, kwa nguvu ile ile. Ziba sikio moja, inama, kisha lipitishe lile jingine taratibu mbele ya gitaa, kuanzia kwenye daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa) hadi shingoni. Kwenye daraja utasikia mbao na joto, mbele ya tundu besi inajaa, na shingoni nyuzi zinang'aa pamoja na mikwaruzo ya vidole.

Hatua ya 2: Anzia freti ya 12, yaani kijiti cha 12 kati ya vile vinavyokatiza shingo. Kwa gitaa lisilo la umeme napendelea maiki ya kondensa, aina inayohitaji umeme, yenye kiwambo kidogo, yaani utando wa kupokea sauti (usisahau kuiwashia volti 48, umeme unaoifikia kupitia kebo yake). Iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye nyuzi, itazame freti ya 12, kisha igeuze kidogo kuelekea mwilini.

Usiilekeze moja kwa moja kwenye tundu. Hewa iliyo ndani ya gitaa huvuma kupitia hapo, na kwenye magitaa mengi mvumo huo huwa karibu na hezi 100. Isitoshe, maiki inayosikiliza upande mmoja huongeza besi kadiri inavyokaribia chombo. Mambo hayo mawili yakikutana, noti za chini zinafunika kila kitu.

Rekodi vipande vifupi vya majaribio, na kabla ya kila kimoja tamka mahali maiki ilipo: "freti ya 12, sentimita 20", "freti ya 14, sentimita 30". Ukivisikiliza baadaye, visawazishe viwe na ukubwa mmoja wa sauti, maana chenye sauti kubwa hudanganya masikio kikaonekana ndicho bora. Besi ikizidi, rudi nyuma au sogea shingoni. Sauti ikikosa mwili, sogea karibu au elekea kwenye daraja. Ukisikia pumzi za mpigaji, shusha maiki.

Kiwango cha kurekodi kisikusumbue: vilele, yaani sauti kubwa zaidi, vikifika desibeli -12 hivi kwenye mita ya kurekodi, panatosha.

Hatua ya 3: Maiki ya pili, ukiihitaji kweli. Njia salama ni kukutanisha vichwa vya maiki mbili zinazofanana, kimoja juu ya kingine, kwa pembe ya digrii 90, ili sauti izifikie kwa wakati mmoja. Ukizitenganisha, moja freti ya 12 na nyingine kwenye daraja, kuwa mwangalifu: sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo maiki iliyo mbali huipokea kwa kuchelewa na baadhi ya mawimbi hufutana. Sikiliza kwa mono, yaani maiki zote mbili zikiwa zimeunganishwa kuwa sauti moja, bonyeza kile kitufe chenye duara lililokatwa na mstari (Ø), kinachopindua mawimbi ya maiki moja juu chini, ubaki na upande wenye besi nene zaidi. Pande zote mbili zikiwa dhaifu, sogeza maiki moja.

Hatua ya 4: Gitaa la umeme. Maiki ya dainamiki (isiyohitaji zile volti 48) kama Shure SM57, sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye wavu wa spika, inatosha kabisa. Mulika tochi uone koni, ile sehemu ya spika inayotikisika. Katikati sauti ni kali, ukielekea ukingoni inakuwa laini na nzito. Anzia pale kofia ya katikati inapokutana na koni.

Vyombo vingine vinafuata kanuni hiyo hiyo, ya kujua sauti inatokea wapi. Filimbi ya kupigwa kwa ubavu haitoi sauti mwishoni tu, bali pia mdomoni na kwenye matundu ya vidole, hivyo maiki ikae juu, nje ya njia ya pumzi. Saksafoni nayo hupumua kupitia vitufe vyake, kwa hiyo usiiingize maiki ndani ya kengele, ule mdomo wake mpana. Ngoma iliyo wazi chini hutoa mlio wa kofi juu na besi chini. Ukiweka maiki pande zote mbili, ya chini igeuze kwa kile kitufe cha duara.

Mahali pakishapatikana, bandika utepe sakafuni kwenye miguu ya stendi na ya kiti, upime umbali, uandike. Mpigaji akirudi kesho kurekebisha ubeti mmoja, utauhitaji.