Kolwezi kwa wikendi: hesabu kurudi kabla ya kwenda

Harusi ya mtu wa familia ikipangwa Kolwezi, nyumbani kwetu Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC), maneno huanza mapema: tutaenda na nini? Baba mdogo anataka tujibane kwenye gari lake. Mama anasema basi. Watoto wanaomba treni kwa sababu wanasikia honi yake tangu wazaliwe. Ninayoandika hapa ni kwa mtu mwenye siku mbili tu na kipande, anayetoka kazini Ijumaa na kutakiwa kazini Jumatatu asubuhi. Mwenye wiki nzima ana hesabu nyingine.

Anza na Jumapili. Wengi wetu tunapanga kwenda kwa makini, saa ya kutoka na nani atakaa wapi, halafu kurudi tunakuacha mikononi mwa Mungu. Kumbe kurudi ndiko kunakoamua utumie chombo gani. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120 hivi, na hadi Kolwezi ni kama 300, kwanza kwa Barabara ya Taifa namba 1, kisha kwa namba 39. Barabara ikiwa wazi, gari dogo linafika Kolwezi kwa saa nne au tano. Basi huchukua zaidi. Huku kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili kasorobo na saa moja jioni, mwaka mzima. Basi hesabu kinyumenyume: ukitaka kuingia mjini kungali na mwanga, uwe umeondoka Kolwezi saa nne asubuhi, saa tano ikichelewa sana. Chakula cha Jumapili ambacho wenyeji wanapakua saa nane mchana si chako, hata kama bukari, yaani ugali wetu, inanukia. Waambie wenyeji tangu Ijumaa, wasione umewadharau. Kama haiwezekani kuondoka mapema, omba ruhusa ya Jumatatu kabla ya safari, si kwa simu ukiwa njiani.

Nasisitiza mwanga kwa sababu ya malori. Shaba na kobalti za Kolwezi na Likasi zinashuka kwa barabara hiyohiyo kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na malori mengine yanapanda kinyume chake yakileta chokaa, mafuta, asidi na vyakula. Lori likiharibika usiku linabaki palepale, mara nyingi bila taa. Dereva wake anakata matawi ya miti na kuyatandika barabarani kuonya wanaokuja. Mchana ukiona majani mabichi kwenye lami unapunguza mwendo na unalikwepa. Usiku unayaona ukiwa umeshafika juu yake. Mimi nimewahi kukaa kwenye basi lililoondoka Kolwezi saa tisa badala ya saa tano, abiria wote kimya, kila mmoja akitazama mbele pamoja na dereva. Tulifika salama, lakini tangu siku hiyo sisafiri tena njia ile gizani, na watoto wangu sitawaruhusu.

Sasa treni. Napenda reli kwa moyo wote. Lubumbashi na reli ni pacha: zote mbili ni za mwaka 1910, reli ikitokea kusini, upande wa Zambia ya leo. Njia inapita Likasi hadi Tenke, na pale inagawanyika, tawi moja kwenda Kolwezi na Dilolo hadi Angola, jingine kaskazini kwenda Bukama na Kamina. Kwa mama anayepeleka mizigo Kamina na asiyehesabu siku, treni bado ina maana kubwa. Kwa wikendi, hapana. Njia moja inatumiwa na treni zinazokwenda na zinazokuja, za watu na za madini. Moja ikikwama, nyingine zinangoja stesheni, na wewe unangoja nazo. Kama bado unaitaka, nenda stesheni mwenyewe ukaulize siku ya kwenda na siku ya kurudi, zote mbili, kabla ya kulipa. Jambo moja sitaki mtu alichukulie kwa wepesi: usipande treni ya mizigo, hata akikukaribisha mtu unayemjua. Machi 2022, treni ya mizigo iliyobeba watu kwa siri ilianguka Buyofwe, katika eneo la Lubudi, na zaidi ya watu 60 walikufa.

Kwa anayesafiri peke yake, au wawili, basi ndilo jibu langu. Nunua tiketi siku moja kabla, na ununue ya kurudi siku hiyohiyo, kwa sababu Jumapili kila mtu anataka kurudi Lubumbashi. Chukua basi la kwanza la asubuhi: likichelewa saa mbili, bado una mchana mbele yako. Angalia jina kwenye tiketi liwe sawa na lililo kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu wengi. Mzigo ukiingia tumboni mwa basi, dai kijikaratasi chake. Dawa, simu na nguo ya harusi vikae nawe kitini. Muulize pia mwenyeji wako kama anakaa Dilala au Manika, manispaa mbili za Kolwezi, na ni mbali kiasi gani na pale basi linaposhushia watu. Pesa za taksi ya mjini nazo ni nauli.

Gari lako linaanza kuwa na faida mkiwa wanne. Piga hesabu wazi mezani: gari linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100 litataka lita 60 kwenda Kolwezi na kurudi, na juu yake ushuru wa barabara kila mnapofika kizuizini. Gawanya kwa vichwa kabla ya kuwasha injini, la sivyo mwenye gari atabeba peke yake na atanyamaza kwa aibu. Jaza tangi hapa mjini, kwenye pampu. Mafuta ya chupa ya wale wachuuzi wa barabarani tunaowaita Kadafi yawe ya dharura tu. Leseni, bima na karatasi za gari ziwe za kweli na ziwe karibu na mkono, risiti za ushuru msizitupe.

Kisha tazama usukani. Magari mengi ya Lubumbashi yana usukani kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia. Mjini hilo halisumbui sana. Nyuma ya lori refu, dereva haoni kinachokuja mpaka gari zima limeshatoka kwenye mstari. Kwa hiyo anayekaa kushoto, kiti cha mbele, ana kazi: awe mtu mzima, macho wazi, asiyelala, na neno lake liwe "ngoja" kila anapokuwa na shaka. Asiwekwe mtoto pale. Na dereva asiwe yule aliyecheza harusini hadi alfajiri. Tafuteni wa pili mwenye leseni, au ahirisheni.

Majira nayo yana neno. Novemba hadi Machi mvua inaweza kula saa nzima ya safari, basi ongeza muda. Juni na Julai usiku wa Kolwezi ni baridi kweli, na mtoto anayetolewa kitandani saa kumi alfajiri anahitaji koti na soksi. Beba dola safi, maana noti iliyochanika hata kidogo tu inakataliwa, na faranga za kutosha kwa vitu vidogo.

Jumamosi usiku, kabla ya muziki kupamba moto, piga simu kwa wakala wa basi au fungua boneti uangalie maji na oili, kisha mwambie mtu mmoja Lubumbashi saa mtakayoondoka na namba ya gari mtakalopanda.