Somo: Kuyasoma Majengo Yaliyopotea Chini ya Mitaa ya Mji wa Kale

Jengo likibomolewa, kuta huondoka kwanza, lakini mipaka ya kiwanja chake huweza kudumu karne nyingi baada yake. Somo hili linamhusu mtu atembeaye kwa miguu akiwa na ramani na daftari, bila sururu.

Hatua ya kwanza ni kuitazama mitaa yenyewe. Mtaa unaopinda pasipo mto wala kilima cha kuulazimisha upinde huenda una sababu iliyofukiwa. Piazza Navona, mjini Roma, ni ndefu na ncha yake moja ni ya mviringo, kwa sababu nyumba zinazoizunguka zilijengwa juu ya mabaki ya viti vya uwanja wa michezo wa Kaisari Domitian, wa karne ya 1. Kadhalika huko Lucca, mji wa Italia, nyumba ziliegemezwa kwenye kuta za uwanja wa Kirumi, zikabaki zimejipanga kwa umbo la yai. Sidhani kama waliojenga walikuwa wakihifadhi historia. Ukuta imara ulikuwapo tayari, wakautumia.

Hatua ya pili ni majina. Blackfriars, mjini London, hukumbusha watawa Wadominiko waliovaa majoho meusi, ambao nyumba yao ilifungwa mwaka 1538. Jina, hata hivyo, lichukuliwe kama fununu tu, kwani majina huhama.

Hatua ya tatu ndiyo niipendayo kuliko zote: mtaro. Mafundi wa mabomba wanapoipasua barabara, simama nje ya utepe uangalie ubavu wa mtaro kutoka juu kwenda chini. Utaona lami, kisha kokoto, kisha kifusi chenye vipande vya tofali na chembe nyeupe za chokaa, na mara chache, chini yake, mawe yaliyolazwa kwa mstari. Mawe yaliyomwagwa hulala ovyo, ilhali yaliyojengwa hupishana maungio, jiwe la juu likifunika ufa wa yale mawili ya chini. Ukiyaona hayo, piga picha yenye kitu cha kupimia, andika umbali kutoka pembe ya jengo lililo karibu, kisha uwaarifu wahusika wa mambo ya kale bila kugusa chochote. Tarehe 21 Februari 1978, mafundi wa umeme katika Jiji la Mexico waligonga jiwe la mviringo lenye upana wa zaidi ya mita 3, lililochongwa umbo la mungu wa kike Coyolxauhqui, na ufukuaji mkubwa wa Hekalu Kuu la Waazteki ukaanzia hapo.

Mwisho, tazama unapokanyaga. Jijini Paris, mawe ya barabarani yanaonyesha mzingo wa ngome ya Bastille, na katika uga wa Guildhall, jumba la kale la baraza la jiji huko London, mstari mweusi unafuata ukingo wa uwanja wa Kirumi uliogunduliwa mwaka 1988.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kwa nini misingi iko chini sana? Je, majengo hayo yalizama?

La, ndugu yangu, ardhi ndiyo iliyopanda. Kila nyumba ilipoanguka au kuungua, kifusi kilisawazishwa papo hapo na nyingine ikajengwa juu yake, maana kukibeba kukitoa mjini kulikuwa kazi ya bure.

Na kama mawe yote ya msingi yalichukuliwa kujengea kwingine?

Hapo tafuta alama ya wizi wenyewe. Waliong'oa mawe waliacha handaki lililofuata ukuta, nalo likajaa udongo laini na makombo ya chokaa, kwa hiyo ramani ya jengo husomeka ingawa halijabaki hata jiwe moja.

Je, rada ya ardhini haiwezi kutuonyesha yote haya bila kungoja mtaro?

Husaidia, kwani mawimbi yake ya redio hurudi yanapokutana na ukuta au shimo. Lakini udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi huyafifisha, na chini ya barabara ya mji mabomba na nyaya nazo huyarudisha, hata picha ikajaa mistari ambayo mingi si ya kale. Kwa sababu hiyo mimi huanza na ramani ya zamani, nikaitumia rada kuthibitisha mstari ninaoushuku tayari.